Kusimama Kando ya Mgeni

Kwa miaka minne nilimwonea gere mwanamke mmoja muuza mitumba wa Bwera, mji wetu wa mpakani, na simwombi mtu radhi kwa hilo. Kosa lake lilikuwa moja tu. Kila alipokuja mgeni wa kuhubiri kwa Kiingereza, yeye ndiye aliyeitwa mbele asimame kando yake na kututafsiria. Kanisani kwetu wapo Wakonzo wa milimani, Waganda wa madukani na Wakongomani waliovuka mpaka asubuhi ile ile. Kiswahili ndicho kinachotukalisha benchi moja. Mkalimani mzuri huheshimiwa kuliko mchungaji, maana mchungaji tumeshamzoea.

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi huko Kinyamaseke. Nina cheti. Yeye aliacha shule kidato cha pili, na Kiingereza chake kilichobaki alikiokota kwenye redio na kwa madereva wa malori. Jumapili moja mgeni alisema neno gumu, yeye akaliruka kama dimbwi la maji, akaendelea na safari, na watu wakasema amina. Neno lile nililijua! Nilikaa benchi la tatu nikiwa nalo mdomoni, na roho iliniuma hadi chakula cha mchana hakikushuka.

Basi nikaamua kumshinda kwa maneno. Nilinunua mjini Kasese kamusi kuukuu isiyo na jalada, nikajiwekea maneno matano kwa siku. Niliyaandika kwenye vipande vya maboksi, nikavibandika nyuma ya mlango, juu ya ndoo ya maji, hadi chooni.

"Mwalimu," mke wangu akasema, "hata choo sasa iko na digrii."

Nikabandika kipande kingine. Kwenye mkutano wa walimu nilisema "nevertheless" mara nne kabla ya chai. Nilimsifu mwendesha boda kuwa ni "magnanimous", yaani mwenye moyo mkubwa, naye akanishusha kabla hatujafika, akidhani nimemtukana. Nikamalizia njia kwa miguu, nikijiambia kwamba mtaka cha mvunguni sharti ainame.

Aliyenichoma zaidi ni mke wangu huyo huyo. Alikuwa akienda kununua nguo za watoto kwa yule mwanamke, anarudi na fulana moja na masimulizi yake kumi, kisha anayarudia jikoni huku akicheka peke yake. Maneno yangu hakuwahi kurudia hata moja.

Halafu kuna jambo ambalo sikumwambia mtu. Jumamosi moja yule mwanamke aliniona nikipita sokoni, akaacha marundo yake ya nguo, akanikimbilia na kikaratasi.

"Mwalimu, habari ya siku mingi. Unisaidie kidogo. Hii neno iko na maana gani? Kesho kuko mugeni."

Neno lilikuwa "steadfast". Nilikuwa nimelibandika mlangoni juzi yake: imara, asiyeyumba.

"Tafuta kamusi," nikamwambia.

Alinitazama kidogo. "Sawa, mwalimu. Aksanti." Akarudi kwa wateja wake. Mimi nikaenda zangu nimefura kwa furaha, na furaha yenyewe haikufika hata kituo cha boda. Lakini sikurudi kumwambia.

Mwaka huu ikaja zamu yangu. Mchungaji alitangaza kwamba anakuja mzee mmoja kutoka mbali, msomi mwenye vitabu vyake. Akaniita pembeni.

"Huyu iko na Kiingereza ya juu sana. Yule mama ataanguka. Tutaweka wewe."

Suti niliipiga pasi mara mbili. Asubuhi yote nilikuwa nikipitia daftari langu la maneno mazito, nikimwomba Mungu mgeni ayatumie.

Mzee hakutumia hata moja. Alisimama, akaifunga Biblia yake, akaanza kusimulia habari za mwanawe aliyefariki akiwa na miaka sita. Mtoto, kitanda, shati, mama: maneno ambayo hata darasa langu la tatu wanayajua. Alisema kwamba baada ya maziko mkewe aliendelea kulifua shati la mtoto. Nami nikatafsiri kwa sauti ya kusikika hadi barabarani: "Mke wangu aliendelea kulifua shati la marehemu mwanetu." Lilikuwa sahihi kabisa, na moyoni nilijipa alama zote.

Ndipo nikaona mabenchi ya mbele. Akina mama walikuwa wakigeuka nyuma, mmoja mmoja, wanamwinamia yule mwanamke wakimnong'oneza: anasema nini? Mke wangu alikuwa mmoja wao. Wote walikuwa wamenisikia vizuri.

Ibada ilipokwisha, mgeni alinishika mkono kwa mikono yake miwili. Akasema Kiingereza changu ni safi mno, akauliza nilisoma wapi. Kwa miaka minne nilikuwa nimeingoja sentensi hiyo. Nikaijibu nusu nusu, kwa sababu macho yalikuwa nje, kwenye tangi la maji, ambako watu walikuwa wamemzunguka yule mwanamke. Nikaaga, nikasogea, nikijifanya nataka kunawa mikono.

"Bibi yake alifua ile shati," alikuwa akisema polepole. "Kesho alifua tena. Mutoto iko mu udongo, shati iko ku kamba. Jirani anapita, anaona shati, anasema: aa, kumbe mutoto bado iko."

Mgeni hakutaja kamba. Hakutaja jirani. Nilifungua mdomo nimsahihishe mbele ya watu wote, kisha nikaufunga. Mke wangu alikuwa amejifunika uso kwa kitenge. Nikashika bomba la tangi, mimi na suti yangu, nikalia kama wengine. Na huku nalia, nilimwonea wivu kuliko siku zote, kwa sababu habari ile niliisikia kwanza kwa masikio yangu, nikaisema kwa kinywa changu mwenyewe, na haikunigusa mpaka aliposema yeye.