Niliwatafsiria Tamthilia ya Kichina, Sasa Mjukuu Wangu Anatolewa Nyumbani

Admin, nakuomba ufiche jina langu na majina ya watu wa nyumba hii. Mimi ni mzee wa miaka sabini na moja, naishi Igoma, Mwanza, kwa mwanangu wa pekee. Nilivuka mpaka kutoka Burundi nikiwa mwanafunzi wa sekondari na sikurudi tena. Shamba la wazazi wangu linalimwa na watu nisiowajua. Kwenye kambi ya wakimbizi nilifanya kazi ya ukalimani miaka mingi: mtu anaeleza yaliyompata, mimi nayasema kwa Kiingereza au Kifaransa mbele ya maofisa. Tulikatazwa kuongeza au kupunguza, maana neno moja likipotoka mtu anaweza kurudishwa alikokimbia. Nikazoea kusema kilichosemwa, basi.

Mwanangu ana karakana ya kuchomelea mageti. Ana hasira za haraka, lakini hajawahi kuninyima kitu. Mkewe ananiita baba, na uji wangu huukoroga bila sukari hata asipokumbushwa. Mtoto wao wa kwanza, wa kiume, ana miaka kumi na saba, yuko kidato cha nne, na tunalala chumba kimoja. Ndiye anayenisomea gazeti macho yakichoka. Ndiye pekee humu ndani aliyewahi kuniuliza kwetu kulikuwaje.

Mwezi uliopita alileta flash yenye tamthilia ya Kichina, zile ambazo mtu mmoja anatafsiri kwa Kiswahili na kuigiza sauti za wote, akichomekea na utani wake. Ilihusu wavulana wawili wa shule. Mtafsiri alisema ni ndugu waliopotezana utotoni. Nyumba nzima ikanasa. Mkwe wangu akawa anaharakisha ugali ili asikose.

"Ona huyo mkubwa anavyombebea mdogo wake begi," alimwambia mwanawe. "Wewe hata ndoo ya mdogo wako hubebi."

"Mama, huyo ana nguvu kunizidi. Anaweza kunibeba mimi na ndoo." Tukacheka wote.

Ila mimi nilikuwa nasoma maandishi ya Kiingereza yaliyopita chini ya picha. Tangu siku ya kwanza nilijua wale si ndugu. Ni vijana wawili waliopendana na wakaogopa. Nadhani mtafsiri aliamua kuwafanya ndugu ili kazi yake ipate wa kuiangalia. Nilinyamaza. Niliona pia kwamba mjukuu wangu anayasoma maandishi yale kama mimi.

Jumapili moja mchana tulikuwa tumemaliza kula. Kwenye tamthilia wale wawili walikuwa kituo cha basi, mvua inanyesha, mkubwa akamshika mwenzake mkono akasema maneno marefu. Mtafsiri akatania kuhusu viatu vilivyolowa. Mwanangu akaweka glasi chini.

"Huyu anatudanganya. Ndugu gani wanaangaliana hivyo? Mzee, wewe unasoma hicho Kiingereza. Amemwambia nini hapo?"

Mjukuu akanitazama. Ningeweza kusema lolote. Ningeweza hata kusema macho hayaoni. Lakini niliulizwa kama nilivyokuwa nikiulizwa kambini, nami nikajibu kama nilivyokuwa nikijibu.

"Amesema, 'Nimekupenda tangu ulipohamia darasa letu, na sijui niende wapi na jambo hili.'"

Mwanangu akazima televisheni. Akamuuliza mtoto kama alijua wale si ndugu. "Nilijua." "Sasa kwa nini unaangalia uchafu huu na wadogo zako?" baba yake akauliza. Mtoto akajibu taratibu, kama anayeomba chumvi: "Nikiiangalia naona siko peke yangu, baba."

Alipigwa mkanda mbele yetu. Nilipoinuka na kusema inatosha, mwanangu alinigeukia akihema. "Mzee, si umesema mwenyewe?"

Tangu siku hiyo kijana anakula peke yake uani. Shule amekatazwa, na mtihani wa taifa unakaribia. Baba yake ameamua kumpeleka kwa mjomba wake, mwenye kambi ya kuvua dagaa kisiwani. Nilimsikia mjomba kwenye simu: "Mlete. Huku tutamnyoosha." Nimeishi kambini, najua wanaume walio mbali na macho ya watu humfanyia nini yule wanayetaka kumnyoosha.

Kwetu mtoto hatolewi nyumbani mpaka mkubwa wa ukoo aseme neno mbele ya wote, na akishasema halirudi. Mwanangu alizaliwa hapa Tanzania lakini mila hiyo ameishika kuliko mimi, kwa kuwa ni moja ya vitu vichache nilivyomletea. Kikao cha familia ni Jumamosi hii. Juzi alikuja kunipigia magoti.

"Shikamoo mzee. Nakuomba Jumamosi ukubali tu. Watu wameshaanza kunicheka karakana. Ukimtetea, mzee wangu, sitaweza kukaa nawe nyumba moja."

Alikuwa analia. Sidhani ni mtu mbaya. Anaogopa, na mtu mwenye woga nimemwona akifanya mambo ambayo mtu mbaya asingeyafikiria.

Jana asubuhi nilimkuta mjukuu wangu anakunja nguo. Aliniamkia, nikaitikia. Kisha akauliza, "Babu, siku mlipokuwa mnakimbia kwenu, kuna jirani yeyote aliyesema msiende?"

Nikamwambia hapana. Wote walikuwa wanaangalia chini.

Aliendelea kukunja.

Nikimtetea tutatoka wawili, na nchi hii sina ndugu mwingine wala nguvu ya kuanza upya. Nikikubali, atakwenda kisiwani akijua kwamba aliyemfichua na aliyemtoa ni mtu mmoja, yule ambaye yeye alikuwa akimsomea gazeti. Sijaja hapa mnihukumie mtoto. Ninyi mlio na wazazi, na mlio na watoto, Jumamosi wakishanyamaza wote na kunigeukia, niseme nini?