Mpango Ulionusurika na Mikoromo Yangu

Mjukuu wangu tunamwita Masikio, na si bure. Siku aliyozaliwa, mkunga alikuwa anaimba. Mtoto akaacha kulia, akamkunjia uso mpaka mkunga akarekebisha sauti. Anayebisha abishe, mimi nilikuwepo.

Amekua hivyo hivyo. Bendi ikipiga, anaipa mgongo, anatazama ukuta, kisha anageuka: "Gitaa linamfunika mwimbaji. Na wewe wa ngoma, mbona unakimbia, nani anakufukuza?" Wanaomsikiliza wanapata kazi. Wanaokataa, shauri yao.

Basi akaamua kufungua kampuni ya ushauri wa muziki. Mama mmoja mwenye ukumbi wa sherehe alikuwa na chumba kitupu ghorofani, akasema atampa atakayemletea mpango wa biashara unaoeleweka. Fundi viatu naye alikitaka. Masikio akikikosa, ni kurudi kuuza vigae dukani kwa mjomba wake, na vigae haviimbi.

Aliandikia kwenye meza yangu ya cherehani, karatasi zikafunika mpaka pasi. Mimi sikusoma, kwa hiyo akanisomea. "Kampuni itatoa masuluhisho jumuishi ya kimkakati..." Nikakoroma.

"Bibi! Umelala?"

"Nimezimia. Endelea."

Kila maneno yalipovimba nilikoroma, na kila nilipokoroma alikata. Mkoromo mmoja uliangusha kalenda ukutani. Mwisho zikabaki kurasa mbili, na penye "Tunauza nini" pakawa peupe.

"Sasa niandike nini?" Machozi yanamlengalenga.

"Wale wa bendi huwa unawaambia nini?"

Akaandika: Tunakusikiliza, tunakwambia ukweli kabla wateja hawajakwambia kwa kuondoka.

Macho yangu yakabaki kodo.

Tulipoupeleka mpango ukumbini, yule mama alisoma mpaka mstari ule, akasita. "Wageni wangu huondoka kabla ya keki. Kwa nini?"

Bendi yake ilikuwa mazoezini. Masikio akaipa mgongo, akatazama ukuta. "Spika zinawapigia kelele waliokaa mezani. Zigeuzeni kwa wanaocheza."

Zikageuzwa. Mama mwenye ukumbi akatikisa bega. Fundi viatu, aliyekuja kushindana, akacheza mpaka soli yake mwenyewe ikabanduka!

Ufunguo alikabidhiwa palepale, na ukumbi ukawa mteja wa kwanza. Kwa furaha nikapaza sauti kuimba. Masikio akanipa mgongo, akatazama ukuta, akageuka.

"Bibi yangu, wewe baki kwenye kukoroma."

Sikununa. Siku hizi nina kiti changu kule ghorofani, karibu na dirisha. Karatasi yoyote ikivimba, naitwa.