Nilitoroka nyumbani kutafuta kusudi la maisha, nikajifanya mtoto wa tano: yaliyonikuta Bwera

Wakuu, salaam kwenu nyote, wenye ID za zamani na mliojiunga jana.

Nimekuwa nikisoma humu kimya kimya muda mrefu. Naona vijana wengi mnasema mnataka kuacha kila kitu, mfunge begi, msafiri peke yenu mkajitafute. Nikasema ngoja na mimi mzee niweke uzi, maana nilijitafuta kabla wengi wenu hamjazaliwa.

Na nilijipata. Ila mahali nilipojipata ndipo penye aibu.

Nitakayoandika ni kweli tupu. Ningekuwa natunga, ningejipa sehemu nzuri zaidi kwenye hadithi.

Kwetu ni Kasese, magharibi ya Uganda, upande wa mto Nyamwamba, chini ya ile milima mirefu yenye theluji. Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya sabini, jeshi limeshashika nchi.

Kwa wasiojua: sisi Wakonzo, pamoja na ndugu zetu Wanande wa Butembo na Beni huko Kongo, mtoto tunampa jina kwa nafasi aliyozaliwa. Mvulana wa kwanza ni Baluku. Wa pili Bwambale, wa tatu Masereka, wa nne Kule, wa tano Thembo. Ukitaja jina lako tu, mtu ameshajua uko wapi kwenye foleni ya kwenu.

Mimi ni Baluku.

Sasa pale kwetu Baluku halikuwa jina, ilikuwa kazi. Mbuzi amepotea, Baluku. Paa linavuja, Baluku. Shangazi kagombana na mumewe usiku, nani aamshwe akasuluhishe? Baluku, kijana ambaye hata ndevu hana. Wadogo zangu wawili, Bwambale na Masereka, wao walikuwa wanaishi tu.

Msimu mmoja nikapata kibarua Nyakalengija, kijiji ambako wazungu huanzia kupanda mlima. Nikambebea mizigo kijana mmoja wa Ulaya, nywele mpaka mabegani, ndevu kama nyasi za Aprili. Tukiwa tumepumzika akaniambia kwa Kiingereza kwamba ameacha nyumba ya baba yake na anazunguka dunia peke yake kutafuta life purpose.

Wakuu, yeye alikuwa anatafuta kusudi la maisha, mimi nimebeba masufuria yake. Hapo ndipo ningepaswa kupata akili. Badala yake nikaona hii ndiyo njia yangu.

Alipoondoka aliniachia koti lake la mlimani. Koti zito, mifuko kila mahali, hata mgongoni. Nikalivaa, kichwa kikavimba. Nikajiona si mtu wa kutafuta mbuzi tena.

Plan yangu ilikuwa hivi: nivuke mpaka, niingie Kongo, niende mpaka kule nchi inakoishia baharini, nikae ufukweni nitafakari. Nyumbani nikamwambia mama naenda tena Nyakalengija. Baba alikuwa kwenye shamba lake la kahawa, sikumuaga. Nikafika barabarani, nikapata lori la dereva mmoja Mwislamu wa pale mjini anaitwa Sulaimani, limebeba samaki wakavu kutoka Kasenyi, kule ziwani, linakwenda Bwera, mpakani.

Njiani tukakuta kizuizi cha wanajeshi.

"Wewe! Shuka! Naenda wapi?"

Mtu yeyote mwenye akili angesema naenda kwa mjomba. Mimi, na koti langu, nikasimama wima nikamjibu, "Afande, natafuta kusudi la maisha."

Yule askari akaniangalia. Akaliangalia lori.

"Iko gunia gani? Toa hiyo kusudi! Toa yote chini!"

Tukashusha samaki wote, gunia moja moja, yeye anachomachoma kwa fimbo akitafuta kusudi langu. Hakuliona. Tukapakia tena, jua linawaka, mimi ndani ya koti la theluji.

Sulaimani alikuwa amewaka hasira. "Bwana, siku nyingine sema naenda zika mtu! Jina yako nani, nikulaani vizuri?"

Hapo ndipo nilipofanya ujinga mkubwa wa maisha yangu, na niliufanya kwa makusudi, nikijiona mjanja. Nikawaza: nikisema Baluku, hata huko niendako watanituma mbuzi. Ngoja nijipe nafasi ambayo haitegemewi na yeyote.

Nikasema, "Naitwa Thembo."

Mtoto wa tano! Nilijisikia mwepesi, nusura niruke kutoka kwenye lori.

Tukafika Bwera. Wakuu, kutoka Kasese mpaka Bwera hata njaa haijakuuma vizuri umeshafika. Lile lango la Kongo lilikuwa pale pale mbele yangu. Nikaliona, nikaona na wanajeshi wa pande zote mbili, nikaamua nipumzike kidogo kwanza kabla ya kuendelea na safari ya baharini.

Nilipumzika miaka miwili.

Nilipata kazi kwa mzee mmoja Mnande, mkimbizi kutoka Butembo, tumwite Papa Kasereka. Mkatoliki wa kweli, misa haimpiti, anauza samaki na vitenge siku za soko pale Mpondwe, kwenye lango la mpaka. Mimi nilikuwa kuli wake: nashusha magunia, napanga, nalinda. Akanipa kulala kwenye stoo. Akawa ananiita Katembo, maana kwao ndivyo jina la tano linavyotamkwa.

Na alikuwa na binti, Masika. Kwetu na kwao Masika ni binti wa kwanza. Yeye ndiye aliyeongoza kile kibanda, baba yake alikuwa mwenye mali kwa jina tu. Siku ya kwanza kuniona alilicheka koti langu mpaka akaketi chini.

"Ee Katembo! Weye unangojaka barafu ianguke hapa Bwera?"

Sikulivua. Nilikuwa na msimamo. Nilitokwa na jasho miezi kadhaa kwa ajili ya msimamo.

Nitafupisha, maana hii sehemu hata nikiwa mzee naionea haya. Nilimpenda Masika. Nilimpenda kiasi kwamba bahari ile niliisahau kabisa, hata sikumbuki niliacha kuiwaza lini. Na yeye, sijui aliona nini kwa mtu anayenuka samaki, alinipenda.

Basi nikajipanga, nikamwendea Papa Kasereka, nikamweleza nia yangu.

Akanisikiliza vizuri. Akasema, "Bon. Minakupenda, Katembo. Unatumikaka muzuri. Lakini weye iko mutoto wa tano. Bakubwa yako bane, beshaoa?"



"Kwetu mudogo haoe mbele ya bakubwa yake. Hapana. Uniambie, Baluku yenu eshaoa?"

Wakuu, nilikuwa nimejipa kaka wanne ili wanibebee mizigo, na sasa nilitakiwa kuwaozesha wote!

Nikaanza kusema uongo, na uongo wenyewe sikuwa na kipaji nao. Baluku nikamuoza mwanamke wa Fort Portal. Bwambale nikampeleka seminari, nikijua mzee ni Mkatoliki, padri hawezi kudaiwa mke. Hapo nilijipongeza. Masereka nikampa mke na mapacha. Nikafika kwa Kule, nimechoka, nikasema na yeye yuko seminari.

Papa Kasereka akavua kofia kwa furaha. Nyumba iliyotoa mapadri wawili! Akataka kuwaona.

"Nitamutuma Sulaimani wa lori kule Kasese. Akuye na mukubwa yenu, Baluku. Ye njo atasema juu yako. Bila mukubwa, hakuna ndoa."

Mnaelewa lakini? Hakuna ndoa mpaka aletwe Baluku. Na Baluku ndiye aliyesimama pale ameshika gunia.

Mlango ulikuwa wazi, ningeweza kusema ukweli palepale. Nilifungua mdomo. Nikamwangalia Masika, nikaona akijua nimewadanganya nimemkosa. Nikafunga mdomo. Nikajiliwaza kwamba Sulaimani hatapakuta kwetu, Kasese ni kubwa.

Kasese ya wakati ule haikuwa kubwa.

Sulaimani alirudi siku ya soko, watu wamejaa. Hakutafuta faragha. Alisimama mbele ya kibanda, Papa Kasereka hapa, Masika pale, mimi katikati na koti langu.

"Nimeuliza upande ya Nyamwamba, nyumba ya vijana tano, kubwa yao Baluku. Watu nasema hakuna. Nikasema iko moja navaa koti ya muzungu kwa jua. Watu yote nacheka, nanipeleka kwa mzee."

Nikaanza kufungua vifungo vya koti. Sijui kwa nini, labda nilidhani halitaonekana.

"Mzee alicheka kwanza. Halafu akaacha kucheka. Nasema hivi: 'Mimi hapana na mtoto ya tano. Iko na vijana tatu tu. Lakini ile ya kwanza ilipotea. Kama huyo Thembo nakutana na yeye huko, amwambie mama yake bado naweka chakula yake.'"

 

Nililia, wakuu. Mbele ya wateja. Kuli mzima, nimekaa juu ya gunia la samaki nalia kama mtoto aliyenyang'anywa muwa. Nilikuwa nimewaza mambo mengi miaka ile miwili, lakini ile sahani ya chakula anayoniwekea mama sikuwahi kuiwaza.

Papa Kasereka alikuwa amebadilika rangi. Akauliza taratibu, "Na mapadri?"

"Hakuna padri, Papa."

"Hata moja?"

"Hata mmoja."

Nadhani hilo lilimuuma kuliko yote.

Akaanza kusema nitoke kwenye stoo yake, niende zangu. Masika ndiye aliyemkatisha. Alisema akiwa anaendelea kupanga samaki, hata hakuinua kichwa.

"Papa, mi nilijuaka tangu zamani. Mutoto wa tano hagawake nyama. Anangojaka bamupe. Huyu kila siku njo anagawa, na kipande ya mudogo kabisa inabakia yake. Huyu ni Baluku tu, anajificha."

Wakuu, nilikuwa sijui kabisa kwamba nagawa nyama! Tulikuwa tunakula sahani moja, mimi na makuli wenzangu na watoto wa nyumbani, obundu, ule ugali wetu wa muhogo, na samaki. Mkono ulikuwa unagawa wenyewe. Miaka miwili najificha, na kila mlo najitangaza.

 Mwisho Papa Kasereka akasema, "Basi aende kwao. Akirudia hapa na baba yake, tutazungumuza. Akirudia na Katembo, nitamupiga."

Nikarudi Kasese na lori lile lile. Kwenye kizuizi askari akaniuliza naenda wapi. Nikasema naenda nyumbani, afande. Akanipungia mkono nipite, bila kushusha hata gunia moja.

Nilimkuta baba uani. Nilikuwa nimejiandaa kwa fimbo. Nilikuwa hata nimechagua upande wa mgongo nitakaompa.

Akaniangalia akasema, "Thembo, karibu."

Akaniletea kiti cha wageni. Mama akaleta maji ya kunawa, macho yake mekundu, hasemi neno, nadhani walikuwa wamekubaliana. Masereka alinisalimia kwa heshima kama mtu wa ukoo wa mbali. Wakaniuliza habari za Bwera.

Nilikaa pale kwenye kiti. Mbuzi akakata kamba, akaitwa Bwambale. Kuni zimeisha, akaitwa Bwambale. Kijana amekonda, mikono imejaa sugu, anatembea haraka haraka kama nilivyokuwa natembea mimi. Hakuna aliyenituma kitu. Nilikuwa nimepata kile hasa nilichokitorokea, na sijawahi kukaa kwenye kiti kigumu namna ile.

Mchana upepo ukaja kutoka mlimani, bati moja la jikoni likaanza kupiga. Baba akageuka.

"Bwambale! Bati!"

Bwambale akaacha kuni, akaja anakimbia kuchukua ngazi. Nikamwahi. Sikuwaza. Nilivua lile koti nikalitupa kwenye kiti cha wageni, nikapanda juu, nikalilalia bati kwa tumbo upepo usilichukue, nikadai misumari.

 Nikaogopa kuangalia chini.

Kisha nikamsikia baba.

"Baluku. Shika vizuri hiyo, usianguke."

Nilikaa juu ya lile bati muda mrefu kuliko kazi yenyewe, maana sikutaka waone uso wangu. Ndipo nilipolipata, wakuu, lile kusudi walilolikosa wanajeshi kwenye samaki. Lilikuwa juu ya jiko la mama yangu.

Baba alikwenda nami Bwera. Papa Kasereka alimpokea vizuri, ila mpaka anakufa alikuwa akinikumbusha wale mapadri wawili niliomnyima. Bwambale alisoma. Lile koti alilichukua yeye, akalimalizia shambani wakati wa mvua, na mifuko yake ilimfaa kwa mbegu.

Sasa somo. Sisemi msisafiri. Safirini, mkitaka mfike mpaka ile bahari niliyoshindwa mimi. Ila kabla hujaondoka jiangalie mkono wako unafanya nini pale usipoutuma. Mimi nilikwenda miaka miwili kuuliza watu jambo ambalo vidole vyangu vilikuwa vinajibu kila wakati wa kula. Na muage mama yako.

Naomba maoni. Kina baba na kina mama mliozaliwa wa kwanza, njooni tupeane pole. Na kama kuna Thembo wa ukweli humu ndani, tafadhali atuambie huko kwenye nafasi ya tano raha ikoje, maana mimi sikudumu.

Nitajibu baadaye. Mvua imeanza, na Masika yuko jikoni analiita jina langu, lile halisi.