Mstari wa Marlys Hokkanen

Watu wa mji wa Duluth wakimuuliza Marlys Hokkanen anafanya kazi gani, hujibu, "Nachora mstari," nao hucheka. Wacheke tu! Mstari huo ndio unaosema eneo la mradi linaanzia wapi na linaishia wapi. Jengo likitaka cheti cha ujenzi wa kijani, ule unaotunza mazingira, lazima mstari uwe uleule kwenye kila mchoro: wa miti, wa maji ya mvua, wa maegesho. Huwezi kuusukuma hapa upate nyasi, halafu kule ukaurudisha uikwepe lami. Marlys, anayeipitia michoro ya wasanifu kabla haijatumwa, amewakamata wengi kwa mchezo huo, wasomi wazima.

Tangu mumewe Arvid afariki, anafanyia kazi mezani jikoni. Watoto walishahamia Arizona kukimbia theluji. Siku hupita hajamsikia binadamu ila redioni. Isipokuwa Alhamisi, saa nne asubuhi, anapopiga simu Curtis kutoka Minneapolis, msanifu wa maktaba mpya.

"Bi Mpaka! Umenikamata tena?"

"Nakukamata kila wiki, hukomi."

"Lakini unakula? Au unatafuna michoro yangu?"

Maneno hayo mawili matatu yalimtosha wiki nzima. Ndiyo, upweke ulishamfikisha hapo.

Jumatano moja ya Februari, kesho yake michoro ikiwa ni ya kutumwa kwa wakaguzi wa cheti, aliona kosa. Nyuma ya maktaba palikuwa na kiteremko cha nyasi. Kwenye mchoro wa maeneo ya wazi kilikuwa ndani ya mstari. Kwenye mchoro wa maji ya mvua kilikuwa nje. Curtis alikihesabu pale kilipomfaa, pale kilipomlemea akakiacha.

Marlys akaweka kalamu chini. Akinyamaza, wakaguzi watairudisha michoro. Kurudishwa ni miezi miwili ya maswali, na miezi miwili ni Alhamisi nane za simu ya Curtis. Akajikuta anazihesabu kwa vidole, mtu mzima na mvi zake, aibu ikamshika. Akisema, kazi inaisha kesho.

Alhamisi simu ikalia.

"Bi Mpaka, niambie tu ni safi, nitume."

Marlys aliupitisha ukucha juu ya kiteremko kwenye mchoro.

"Upo?"

"Usitume," alisema. "Kile kiteremko, mchoro wa nne kimo, wa saba hakimo."

"Lo! Wangeturudisha hao!"

"Kitie ndani kote. Hesabu bado zinatosha, nimeshazipiga."

Alisikia Curtis akibofya, akicheka peke yake kwa furaha. "Marlys, umeniokoa jamani. Basi tumemaliza! Sitakusumbua tena."

"Hunisumbui," alisema, lakini Curtis alishakata simu.

Alizunguka jikoni, akafuta meza iliyokuwa safi. Mwisho akapiga yeye. Haikupokelewa, mashine ikamwambia aache ujumbe.

"Ni Marlys," alisema. "Hakuna kosa. Nimepiga tu."