Ndagala za Koko na Taa ya Kijani

Mimi siwezi kula ndagala, dagaa wa ziwa letu, zilizokaangwa kwa mawese. Harufu yake ikipita tu mlangoni, ninarudi kuwa na miaka tisa, nyumbani kwetu Baraka, mdomo umejaa na vidole vyekundu kwa mafuta.

Koko, mama yake baba, alikuwa amewekewa pile ya moyo kule Nairobi, kijidude kilichokaa chini ya ngozi ya kifua kuusukuma moyo ukichelewa. Alirudi na kisanduku cheupe chenye taa ya kijani. Kilikaa kando ya kitanda chake, kimechomekwa kwenye betri ya sola, na kila alfajiri kiliwapelekea madaktari habari za moyo wake kwa mtandao wa simu. Mwaka uliotangulia nesi wa kule alimpigia baba: mleteni haraka, pile ina hitilafu. Wakampeleka, akapona. Tangu hapo waya wa kisanduku haukuguswa na mtu.

Koko alikuwa mkali, ila miguu ilimvimba, hakuweza kutukimbiza. Basi alitukalisha mbele ya ile taa, mimi na ndugu yangu mkubwa Asende, niliyemwita yaya kwa kunizidi umri.

"Docteur iko naona byote," alisema. "Ukiiba, moyo yangu inaruka, na hii kisanduku inaandika jina yako."

Nilimwamini kama nilivyoamini katekisimu.

Jumanne moja alikaanga ndagala za bamama wa kanisa waliokuwa wanakuja kumwombea. Nilionja moja, nikaonja ya pili, sahani ikabaki na mikia. Hapo nikaikumbuka taa. Koko alikuwa uani akipiga soga na jirani. Niliingia chumbani kwake, nikachomoa waya. Nilikusudia kuurudisha waya moyo wa Koko ukishatulia.

Sikuurudisha. Uhuru ulikuwa mtamu mno. Paka alisingiziwa ndagala, kesho yake nikalamba sukari, kesho kutwa maziwa ya unga. Macho ya Koko yalikuwa na ukungu, hakuona kuwa taa imezimika.

Jumamosi asubuhi alianguka akichekecha unga wa muhogo. Pikipiki ilipofika alikuwa ameshakata roho.

Siku ya pili ya matanga nesi alipiga simu, hana habari ya msiba. Aliuliza mbona kisanduku kimenyamaza tangu Jumanne. Nilisimama ubavuni mwa baba, nikingoja nesi alitaje jina langu. Hakulitaja. Baba aliingia chumbani, akatoka na waya mkononi.

"Nani alitosha hii waya? Nani aliichomoa?"

Asende alikuwa na redio yake ndogo, na kila siku aliililia ile betri ya sola apate kuichomeka redio. Hakuna aliyeuliza zaidi. Alichapwa kwa waya uleule mbele ya waombolezaji.

"Si mi, baba," alisema. "Si mi."

Bamama waliacha kuimba, wakamwita muuaji. Mimi nilikuwa nimeshika sahani yangu ya bugali. Niliimaliza.

Husemwa siku za mwizi ni arobaini. Zangu zilikuwa nne, na aliyeshikwa ni mwingine. Nilikuja kuelewa ukubwani kwamba Koko alitunga uongo ule kwa sababu alikuwa mgonjwa na hakuwa na njia nyingine ya kutushika, na kwamba daktari hakuwahi kuona kitu ila moyo wake.

Asende anachimba dhahabu Misisi, hajarudi nyumbani. Kila Krismasi hunipigia simu, akaniuliza kama baba amemsamehe.

"Bado, yaya," humjibu. "Ngojea kwanza."