Tafsiri Niliyompa Mwanaidi

Bisi za sukari iliyoungua kidogo. Harufu hiyo ikinipata popote, hata njiani nikiwa na haraka zangu, mate hunijaa mdomoni na papo hapo tumbo hukataa. Ninyi nitawaambia sababu, kwa kuwa nyumbani kwetu jambo hili halizungumzwi.

Nilikuwa na miaka tisa. Tulikaa Guangzhou, mtaa wa Xiaobei, ghorofa ya kumi na moja, juu ya maduka ya jumla ambako Baba alisafirisha mizigo ya wafanyabiashara wa kwetu. Nilisoma shule ya Kichina, na huko wenzangu walinishika nywele bila kuniomba, kisha wakanusa vidole vyao. Nyumbani nilikuwa mtu mkubwa. Mama alijua Kichina cha kupunguziwa bei tu, basi ikija barua, akija fundi bomba, anaitwa Rukia.

Ndipo akaja Mwanaidi. Mama yake, mama mdogo Zuhura, alikuwa mgonjwa Tanga, na Mama akaomba amlee mtoto mpaka mdogo wake apone. Mwanaidi alikuwa na miaka minane, mpole, hajui neno la Kichina, na kila tukitoka alishika pindo la gauni langu. Alipewa upande wangu wa kitanda, ule wa dirishani. Alipewa firigisi ya kuku, iliyokuwa haki yangu tangu niote meno. Nilimchukia kimyakimya, kwa bidii.

Siku moja nikamkuta Mama jikoni amefungulia bomba mpaka mwisho, analia ndani ya kelele za maji. Mama mdogo Zuhura amefariki.

"Mtoto asiambiwe," alimwambia Baba. "Nitamwambia tukifika Tanga, likizo."

Likizo ilikuwa bado mwezi mzima. Jumamosi yake tulikwenda Shahe, kwenye soko la nguo, na Mama akamwacha Mwanaidi achague gauni la kumpelekea mama yake. Alichagua la kijani. Alilipima kifuani pake, likaburura sakafuni, akasema, "Mama mrefu, litamtosha." Mama alitazama pembeni. Mimi nilimwuliza muuzaji bei.

Kesho yake mchana, Mama akatupeleka sinema ili mtoto achangamke. Ilikuwa katuni ya Kijapani iliyotiwa sauti za Kichina, na kwa Mama katuni ilikuwa katuni tu. Loo! Kulikuwa na mwanamke aliyepungua kimo kila alipocheka, mpaka akaenea kwenye kikombe cha chai. Binti yake alikibeba kikombe kile akipita mji ambao mvua ilinyesha kutoka chini kwenda juu, na nyuma yake akafuatwa na ng'ombe wa kioo, tumboni mwake wamelala watoto wamefumba macho. Hakuna aliyeeleza kwa nini. Watoto wa Kichina waliacha kutafuna.

Mwanaidi alikaa katikati, mdomo wake kwenye sikio langu. "Dada Rukia, anasemaje?" Nikamtafsiria. Mara nikaona upande wa pili Mama anafuta machozi kwa ncha ya mtandio, na mkono wake mwingine umemkumbatia Mwanaidi. Mimi sikuguswa na mkono wowote.

Binti wa kwenye katuni akachungulia kikombe. Kilikuwa kitupu. Sauti ya mama yake ikatoka mahali fulani: Nipo, nisubiri kidogo.

"Anasemaje?" akanong'ona Mwanaidi. "Mama yake yuko wapi?"

Wakati huohuo ng'ombe wa kioo akateleza, akaanguka miguu juu, na ukumbi mzima ukaangua kicheko. Mimi pia. Nikasema, mdomo umejaa bisi, "Amekufa. Hata wako amekufa. Sote tunajua."

Hakulia. Aligeuka upande wa pili. "Mama mkubwa, mama yangu amekufa?"

Nilisubiri Mama akane. Alisema, "Nani kakwambia?"

Hapo ndipo Mwanaidi alipopiga ukelele. Mwanamke wa kiti cha nyuma akafoka, na Mama akaniuliza, "Anasema nini yule?" Hiyo niliitafsiri sawasawa: "Anasema mnyamaze."

Mama hakunichapa. Muda mrefu hakunituma kutafsiri chochote. Hata kwa daktari alikwenda peke yake, akaonyesha kwa kidole mahali panapouma. Mwanaidi alirudi Tanga na hakukanyaga tena Guangzhou. Hakunishitaki kwa mtu.

Kwa miaka mingi nilijihesabia kosa moja: kufichua siri ya wakubwa. Nilipokuwa mtu mzima nikaenda Tanga kwa harusi yake, nikamfuata chumbani anapopakwa hina, nikamwomba radhi. Nikataka pia kumwambia maneno yale hasa, kwamba mama wa kwenye katuni hakuwa amekufa.

Akanikatiza. "Usinitafsirie, dada." Kisha, taratibu, huku akitazama viganja vyake: "Wote walinidanganya mpaka nikanunua gauni. Wewe peke yako uliniambia ukweli. Lakini uliniambia huku unacheka."

Nilifungua mdomo nimweleze kuhusu ng'ombe, kwamba ukumbi mzima ulicheka. Nikaufunga. Maana wao walikuwa wanamcheka ng'ombe, na mimi ndipo kwanza nilipoelewa, katika umri ule, kwamba sikuwa nimemtazama ng'ombe hata kidogo. Nilikuwa nikiutazama uso wa Mwanaidi.