Mvinyo umepata kiyoyozi, Mama Kizibo kaitwa ofisini

Saa saba mchana, mabati ya ghala yanaalika kwa joto. Mama Kizibo anasukuma toroli katikati ya rafu, kitambaa chake cha kichwa kimelowa jasho hadi shingoni. Simu ya kazi aliyofungiwa mkononi inalia. Oda mpya imeingia: mteja anataka chupa tatu za mvinyo, "mzuri, wa bei nafuu, wa kunywa msimu huu wa joto".

Anaisoma kwa sauti, kisha anacheka. "Nafuu kwa nani, ndugu mwandishi? Mimi nikisimama hapa kutwa, sipati hata bei ya chupa mbili."

Anavuta mlango mzito na kuingia chumba cha mvinyo. Humo ndani ni nyuzi joto kumi na nne, na kiyoyozi kinanguruma taratibu. Nje ya mlango huohuo, kipimajoto cha mwandishi kinasoma thelathini na nane. Mlangoni pamebandikwa tangazo: "Wafanyakazi wasikae humu."

Ghala hili ni la supamaketi inayouza kwa mtandao. Mteja anabonyeza picha akiwa nyumbani kwake, na watu kama Mama Kizibo ndio wanaozichukua bidhaa rafuni, kuzifunga na kuwakabidhi madereva. Ni mama wa watoto watatu, na huu ni mwaka wake wa sita ghalani. Jina la utani alipewa na wenzake kwa sababu ya tabia yake ya kupapasa kizibo cha kila chupa kwa dole gumba kabla ya kuiweka kwenye toroli.

"Mwenzangu kule anaona picha tu, chupa naishika mimi," anasema. "Kizibo kikiwa kimeinuka, au shingo inanata, ujue huo umeshapigwa na joto. Hata wakikupunguzia bei, achana nao."

Kwa msimu huu anawashauri wanunuzi wachague mvinyo mweupe mwepesi, na wasidharau chupa za bei ya chini zenye kifuniko cha kusokota. Mwenyewe hanywi. Aliwahi kuonja mara moja kwenye harusi ya kaka yake, akadhani kapewa siki, na shemeji zake wanamcheka mpaka leo.

Zamani mvinyo nao ulikaa kwenye joto pamoja na watu. Wafanyakazi waliomba feni, na kiti kwa wajawazito, msimu wa kwanza wa joto, wakaambiwa bajeti hairuhusu. Msimu wa pili wakaomba tena, wakaambiwa wawe wavumilivu. Kisha wateja wakaanza kurudisha chupa, wakilalamika kwamba mvinyo umeharibika. Bajeti iliyokuwa haipo ikaonekana, na mafundi wakaja kujenga chumba cha baridi.

Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Basi mgeni, chumba cha mvinyo, alikuja na kiyoyozi chake, na wenyeji wakabandikiwa tangazo. Feni hawajaiona mpaka leo.

Mambo yaliharibika wiki iliyopita. Wifi yake Mama Kizibo, mke wa kaka yake, anafanya kazi kwenye meza ya kufungia mizigo, na ni mjamzito wa miezi saba. Watu husema mawifi hawapikiki chungu kimoja, lakini hawa wawili wanakula kwenye bakuli moja kila mchana. Siku hiyo wifi alikuwa ameinua boksi la chupa alipohisi macho yanaingia giza.

"Nilimwona anashika meza, nikajua anaanguka," anasimulia Mama Kizibo. "Nikamdaka. Mlango wa mvinyo ulikuwa hapo karibu. Ningempeleka wapi? Juani?"

Akatandika maboksi sakafuni na kumlaza. Lakini chumba kilikuwa kimejaa makreti ya ofa ya msimu. Wifi alienea mpaka magotini tu, miguu ikabaki nje, na mlango haukuweza kufungwa. Alimpepea kwa kipande cha boksi na kumnywesha maji hadi alipopata nguvu za kukaa.

Kipimo cha ukutani kikapiga king'ora. Joto la chumba lilikuwa limepanda nyuzi mbili. Msimamizi akaja mbio, na swali lake la kwanza lilikuwa, "Nani kaacha mlango wazi?"

"Miguu ya mtu anaiona," anasema wifi, ambaye amerudi kazini kwa sababu hana pengine pa kwenda. "Akairuka, akaenda kusoma kipimo."

Mama Kizibo ameitwa ofisini Ijumaa hii kujibu kosa la "kuhatarisha bidhaa". Akipatikana na hatia, anafukuzwa. Mumewe hana kazi, na watoto watatu wanakula kwa jasho lake.

Meneja alipopigiwa simu na gazeti hili hakukana kitu. "Mvinyo ni bidhaa nyeti," alieleza kwa upole. Alipoulizwa kama mjamzito si nyeti, alisema swali hilo liulizwe idara nyingine. Idara hiyo haikupokea simu.

Inatia hasira, na hakuna sababu ya kuificha. Waliojua chupa ikipigwa na joto inaharibika, walishindwaje kujua kwamba na mtu anaharibika?

Mama Kizibo hatakwenda peke yake Ijumaa. Wifi amesema lazima aongozane naye. "Tumbo litatangulia kuingia," anatania, "tuone kama nalo wataliruka." Wenzao wa zamu wameahidi kusimama mlangoni.

Ombi lake halijabadilika tangu msimu wa kwanza: feni, na kiti kwa wajawazito. "Hizo nyuzi kumi na nne zao wabaki nazo," anasema.

Na wakimuuliza kama atarudia kosa? Anapapasa kizibo cha chupa ya tatu, anaridhika, anailaza kwenye toroli.

"Nitawaambia ukweli, nitarudia. Ila safari hiyo nitasogeza makreti kwanza, wifi aenee mzima, mlango tuufunge. Mvinyo wao usije ukapata joto."